Urefu wa ufuo wa Kivu

Yaya, umeuliza kwa nini kila ramani inakupa urefu tofauti wa ufuo wa ziwa Kivu. Hakuna aliyedanganya, inategemea fimbo iliyotumika kupima. Kwa hatua za kilomita 10, La Botte na Muhumba, rasi za mji wa Bukavu, unaziruka tu. Punguza iwe mita 500, rasi hizo zinaingia kwenye hesabu. Ukitembea na kamba ya mita 1, basi hata vighuba kati ya mawe wanapofungia pirogi vinahesabiwa, na kila kimoja kina virasi vyake, Bukavu ndogo kabisa! Mwaka 1967 mwanahisabati Mandelbrot alilieleza jambo hili kwa kutumia vipimo vya mwanasayansi Richardson: pwani ya magharibi ya Uingereza ina kipimo cha kupindapinda cha karibu 1.25 (mstari ulionyooka ni 1), yaani ukiikata fimbo nusu, urefu unaongezeka kama 19%. Usiipachike Kivu namba hiyo, kila ufuo una yake. Halafu mchezo wenyewe una kikomo, kwenye chembe za mchanga hakuna rasi tena. Kwenye travo yako (kazi uliyopewa na profesa), andika kipimo cha ramani pembeni ya hizo kilomita, ataelewa.