RBT mwenzangu, omba kutazamwa ukiwa kazini

Ndugu yangu uliyemaliza mafunzo ya saa 40 juzi, ukafaulu ule mtihani wa maswali 85 na sasa umepewa mtoto wako wa kwanza wa kumfundisha, nakuandikia wewe. Nakuandikia na wewe dada mwenye miaka miwili kwenye kazi hii, ambaye kila Jumapili jioni roho inakuwa nzito ukifikiria kesho yake.

Mimi nimefanya kazi ya RBT hapa Columbus, Ohio, kwa miaka sita. Kwa asiyeijua: RBT (Registered Behavior Technician, yaani fundi wa tabia aliyesajiliwa) ndiye anayekaa na mtoto mwenye usonji saa mbili, tatu, wakati mwingine sita kwa siku, nyumbani au kliniki. Anamfundisha kuomba, kusubiri, kuvaa viatu, kucheza na wenzake, akifuata mpango ulioandikwa na mchambuzi wa tabia, yule tunayemwita BCBA. Cheti chetu kinatolewa tangu 2014 na BACB, bodi ya Marekani inayotoa vyeti vya wachambuzi wa tabia. Wengi wetu kutoka Afrika Mashariki na Kongo tunaingia humu kwa sababu hakidai digrii. Ukiwa na miaka 18 na cheti cha sekondari unaweza kuanza. Mlango wa kuingilia ni mpana. Ugumu unakuja ukishaingia, mnapobaki wawili chumbani, wewe na mtoto.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mvulana wa miaka mitano aliyekuwa akiuma. Julai nzima nilivaa mikono mirefu ili mume wangu asione alama. Msimamizi sikumwambia. Nimelelewa Tanga, nyumba ambayo mtoto hapeleki shida zake kwa mkubwa mpaka aulizwe, na kazini nikawa vilevile. Akiniandikia kuuliza mambo yanakwendaje, najibu yanakwenda vizuri. Hapa Marekani ukisema vizuri, mtu anaamini ni vizuri, anageukia kazi nyingine. Nilikuwa nikidhani nikiomba msaada nitaonekana siiwezi kazi. Miezi mitatu nilikaa hivyo.

Siku alipokuja msimamizi mpya, alikaa sakafuni kona ya chumba dakika arobaini, akitazama tu. Kisha akaniuliza: akishakuuma, unafanya nini? Nikamweleza kwamba naweka kadi za kufundishia pembeni, naangalia mkono wangu, namwacha mtoto atulie. Akafungua data zangu mwenyewe, nilizozijaza kila siku bila kuzisoma. Mtoto alikuwa akiuma tukiwa mezani kwenye kazi; tukiwa kwenye michezo, karibu hakuna. Kila aliponiuma, kazi ilikoma. Bila kujua nilikuwa nimemfundisha kwamba meno ndiyo njia ya kutoka mezani.

Tukamfundisha njia nyingine: kadi nyekundu ya kuomba kupumzika. Mwanzoni tuliiheshimu kila alipoitoa, hata mara kumi kwa kikao kimoja, ndipo polepole tukaanza kumwomba asubiri kidogo kabla ya kupumzika. Baada ya wiki kadhaa alama zikapungua, kwenye jedwali na mikononi mwangu. Mtoto alikuwa akisema "nimechoka" kwa kinywa alichokuwa nacho, na mimi sikumwelewa kwa sababu hakuna aliyekuwa amekaa kunitazama.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalomwambia RBT mpya ni hili: kusimamiwa ni haki yako, na haki hiyo ina hesabu. Kanuni ya bodi inataka usimamiwe angalau asilimia 5 ya saa unazofanya na watoto kila mwezi. Ukifanya saa 100, ni saa tano. Mkutane ana kwa ana angalau mara mbili, na angalau mara moja msimamizi akuone ukiwa na mtoto. Asilimia 5 ni kima cha chini kabisa. Weka hesabu yako mwenyewe kwenye daftari: tarehe, dakika, mlizungumza nini. Mkutano wa kujadili ratiba na mambo ya ofisi ya kliniki usiuhesabu kuwa mafunzo yako. Na msimamizi akija, usimpe ule muda mzuri wa mtoto kucheza na maputo. Mwite kwenye saa ngumu, ile unayoiogopa.

Mwombe pia afanye mwenyewe wewe ukitazama. Maelezo ya mdomo hayanitoshi hata leo. Nikimwona mtu anavyoinama, anavyonyamaza sekunde tatu kabla ya kumsaidia mtoto, naelewa.

Habari ya pesa na mwili nitaisema kwa ufupi. Ukiumwa au kukwaruzwa, toa taarifa kwa maandishi siku ileile na uonane na daktari, kwa kuwa jeraha la meno ya binadamu huingia wadudu haraka. Kama unalipwa kwa saa, muda wa kuendesha gari kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine katika siku ileile ya kazi ni muda wa kazi kwa sheria ya Marekani. Ule wa kutoka nyumbani kwako hadi kwa mtoto wa kwanza kwa kawaida siyo. Kabla ya kusaini mkataba uliza: familia ikiahirisha asubuhi, nitalipwa nini? Wenzetu wengi wameacha kazi hii wakiwa bado wanawapenda watoto, kwa sababu ya swali hilo moja ambalo hawakuliuliza.

Kama unataka kusonga mbele hadi BCBA, utahitaji shahada ya uzamili na saa 2,000 za mazoezi chini ya msimamizi, au 1,500 ukipita njia yenye usimamizi mkali zaidi. Sikiliza vizuri hapa. Saa ulizofanya kabla ya kuanza masomo hayo hazihesabiwi, hata ziwe za miaka mitano. Na hata ukishaanza, kukaa na mtoto ukifuata mpango hakuwezi kuzidi asilimia 40 ya saa hizo. Zilizobaki ni kuchora grafu, kufanya tathmini, kuandika mpango, kufundisha wazazi. Kwa hiyo anza sasa kuomba kazi hizo kidogo kidogo. Mimi nilianza kwa kuomba nichore grafu za mtoto wangu mmoja tu, na hapo ndipo data ikaacha kuwa mzigo wa kujaza.

Usidhani wewe ndiye unayepokea tu. Nilipewa mtoto wa familia iliyotoka Bukavu, Kongo. Mpango ulitaka aombe maji kwa Kiingereza, na aliyenitangulia alikuwa amejaza kosa, kosa, kosa, ukurasa mzima. Mtoto alikuwa akisema "mayi". Alikuwa akiomba maji kwa lugha ya mama yake, wazi kabisa, na kikombe hapewi. Nilitetemeka nilipoona. Mpango huohuo ulimtaka amtazame mtu mzima machoni, ilhali mama yake alikuwa akimfundisha kuinamisha uso mbele ya wakubwa. Watu wazima wenye usonji nao wamesema mara nyingi jinsi wanavyoumia kulazimishwa kutazama machoni. Safari hii sikunyamaza. Niliandika hivi, na unaweza kuyachukua maneno haya kama yalivyo:

"Naomba uje Alhamisi saa kumi, wakati wa vitafunio. Kuna maneno mtoto anasema ambayo data haiyaoni, na mama ana jambo la kutueleza kuhusu lengo la macho. Nitatafsiri."

Alikuja. Mama alizungumza zaidi ya nusu saa, na siku ile ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka. Lengo la macho likaondolewa, "mayi" ikaandikwa kuwa jibu sahihi, na mtoto akapewa kikombe chake.