Rangi ya zambarau si uthibitisho
Ndugu, unauliza kama chembe zako za nano za dhahabu, zilizogeuka kutoka nyekundu kuwa zambarau ulipoongeza tioli (kemikali yenye salfa iliyounganika na hidrojeni), zimeshikwa nayo. Si lazima. Kilele cha ufyonzaji wa mwanga kilichokuwa karibu na nanomita 520 kikisogea kidogo tu, huenda uso umebadilika; kikipanuka na kuhamia mbali, chembe zimegandana. Ushahidi bora utaupata kwenye kipimo cha mwanga wa infraredi, kwa sababu mtetemo wa salfa na hidrojeni, unaoonekana karibu na mawimbi 2,550 kwa sentimita (nao ni hafifu, hivyo upime kwanza tioli tupu), hutoweka tioli inapojifunga kwenye dhahabu. Kabla ya hapo, ondoa tioli iliyozidi kwa mashine ya sentrifuji (inayozungusha sampuli kwa kasi) na, kwa unyevu huu wa Dar es Salaam, kausha vizuri bromidi ya potasiamu, chumvi unayochanganya na sampuli kwa kipimo cha infraredi, la sivyo utakuwa unapima maji.