Paraglaida iliyotumika: rangi haikuambii kitu, pima kamba

Mkuu, nimesoma swali lako. Umenunua paraglaida iliyotumika, yaani bawa la kitambaa la kurukia kutoka mlimani, ina miaka 5, muuzaji anasema imeruka saa 70 tu, rangi bado inang'aa, na unauliza kama unaweza kupanda nayo mlimani Jumamosi. Jibu langu: hapana, bado. Sisemi bawa ni bovu. Nasema hujui lilivyo, na kwa kulitazama kwa macho hutajua. Nayasema haya kwa sababu yalinikuta.

Bawa langu la pili nililinunua hivyo hivyo. Kitambaa kilikuwa safi, ukikifinya kinalia kama karatasi mpya. Nikaruka nalo msimu mzima. Kitu kimoja nilikiona nikakipuuza: kila nilipoliinua lilikuwa zito kupanda. Linafika nusu ya njia, linaning'inia nyuma yangu, mpaka nikimbie kwa nguvu zote ndipo lije juu ya kichwa. Nikadhani ni mimi sijui kuinua.

Jioni moja hewa ilikuwa imetulia kabisa. Nikiwa nakaribia kutua nikavuta breki, zile kamba za mkononi zinazoshusha ukingo wa nyuma wa bawa, kidogo tu, kiasi kile kile nilichozoea na bawa la kwanza. Ghafla mvumo wa hewa kwenye helmeti ukakatika. Hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko yote, ule ukimya. Breki zikalegea mikononi, bawa likarudi nyuma ya kichwa, nami nikashuka kama mzigo. Nilikuwa kama mita 4 kutoka ardhini. Kinga ya mgongo iliyomo ndani ya kiti ndiyo iliyoniokoa, na bado wiki tatu sikuweza kuinama kufunga viatu. Ningekuwa mita 20 juu, habari ingekuwa nyingine.

Nilipolipeleka kwa fundi wa ukaguzi, kitambaa kilifaulu vizuri. Kamba ndizo zilizofeli. Safu za kamba za nyuma zilikuwa zimefupika kwa zaidi ya sentimita 3 kulinganisha na jedwali la mtengenezaji.

Hapa naomba uelewe inavyotokea, maana wengi wanafikiri kamba ni kamba tu. Ukiwa hewani, safu za mbele, yaani A na B, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito wako. Zinavutwa kila dakika, kwa hiyo urefu wao unabaki ule ule au unaongezeka kidogo. Safu za nyuma zinabeba kidogo. Kamba za Dyneema, yaani nyuzi za plastiki imara sana, zisipopata mzigo hufupika taratibu, na zikiingiwa na unyevu na vumbi la mchanga ndani ya ala yake hali huwa mbaya zaidi. Matokeo yake sehemu ya nyuma ya bawa inavutwa chini. Bawa linakutana na hewa kwa pembe kubwa kuliko ilivyokusudiwa, linakwenda polepole, na linakuwa karibu na kupoteza nguvu ya kubeba hata kabla hujagusa breki. Ni kama unaruka umeshika breki muda wote bila kujua. Bawa lako lilipojaribiwa na kupewa daraja lake la usalama, liwe A, B au lolote lile (herufi hizi si zile za safu za kamba), lilikuwa na kamba za urefu uliomo kwenye kitabu. Urefu ukibadilika, majaribio yale hayakuhusu tena.

Usijidanganye pia kwa kulinganisha kulia na kushoto. Pande zote mbili hufupika pamoja, utaziona sawa kabisa. Linganisha na jedwali, na kamba ipimwe ikiwa imevutwa kwa mzigo wa kilo 5 hivi, kwa sababu ikilegea inakupa namba ya uongo. Habari njema ni kwamba mara nyingi tatizo hurekebishwa kwa kuvuta kamba zilizofupika chini ya mzigo, au kubadilisha namna zinavyozungushwa kwenye vile viungo vidogo vya chuma. Kama kamba zako ni za aramidi, nyuzi za aina ya Kevlar, hizo hazifupiki kirahisi hivyo, ila zinachukia kukunjwa na kukanyagwa. Nyuzi za ndani hukatika huku ala ya nje ikionekana nzima. Pitisha vidole viwili kwenye kila kamba kutoka juu hadi chini, polepole. Ukihisi sehemu nyembamba au yenye kidonge, kamba hiyo inabadilishwa, hakuna mjadala.

Kitambaa nacho kina adui wake mkubwa, jua. Ni nailoni iliyopakwa utando wa kuzuia hewa isipenye, na miale ya jua huula ule utando. Fundi ana kifaa kinachohesabu sekunde ambazo hewa inachukua kupenya. Sekunde zikiwa nyingi, kitambaa kizima. Saa 70 za muuzaji ni saa za hewani, hazihesabu mchana alioliacha bawa limetandazwa mlimani akisubiri upepo. Kwa hiyo ukishatua, likunje au lifunike. Usiliache kwenye gari lililofungwa juani. Likilowa, lianike kivulini mpaka likauke kabisa kabla ya kulihifadhi. Likiingia maji ya bahari, lisuuze kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo. Doa liondoe kwa sponji na maji matupu, usitie sabuni. Na kabla ya kukunja, angalia ndani ya vyumba vyake, maana panzi aliyebanwa humo hutoa majimaji yanayoharibu kitambaa. Vile vijiti vya plastiki vya ukingo wa mbele vilaze kimoja juu ya kingine, usivivunje kwa kukunja ovyo.

Watengenezaji wengi wanataka ukaguzi kamili kila miaka 2 au kila saa 100, chochote kitakachotangulia. Fuata kitabu cha bawa lako. Kama muuzaji hana karatasi ya ukaguzi yenye vipimo vya kamba, hesabu kwamba haujafanyika.

Hujauliza kuhusu parachuti ya akiba, na hilo linanitia wasiwasi. Ifunguliwe, ipigwe hewa na kukunjwa upya kila miezi 6 hadi 12. Lakini kukunjwa peke yake hakutoshi. Mwenzangu mmoja alikunjiwa na mtu mzoefu, tukamning'iniza kwenye boriti akiwa ndani ya kiti chake, tukamwambia vuta. Akavuta. Kishikio kikatoka, mfuko wenye parachuti ukagoma. Ule utepe unaounganisha kishikio na mfuko ulikuwa mfupi kuliko ule unaovuta pini za kufungia mlango, kwa hiyo nguvu zote zilikwenda kwenye mfuko wakati mlango bado umefungwa. Alivuta mara tatu mpaka uso ukamwiva. Hewani asingepata nafasi hiyo. Kila ukibadilisha kiti au parachuti, fanya jaribio hilo.

Mikanda ya miguu funga kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, hata kama unajaribu tu kuinua bawa. Mtu akikusemesha katikati ya kujikagua, anza upya kuanzia helmeti. Rubani aliyesahau mikanda hiyo huteleza chini ya kiti mara tu miguu inapoacha ardhi, akabaki amening'inia kwa makwapa.

Kuhusu hewa sitasema mengi, mwalimu wako atakueleza. Ila kumbuka yaliyotokea Manilla, Australia, Februari 2007. Wingu la mvua ya radi lilimvuta Ewa Wiśnierska wa Ujerumani hadi karibu mita 10,000. Akazimia, akashuka akiwa na barafu mwilini, akapona. Rubani wa China aliyenaswa na dhoruba hiyo hiyo alikufa. Wote wawili walikuwa marubani wa mashindano. Wingu likianza kukua kwenda juu na kuwa jeusi chini, shuka mapema, ungali na uwezo wa kuchagua pa kutua.

Sasa Jumamosi ufanye nini? Nenda na bawa lako uwanja tambarare, upepo mwepesi, helmeti kichwani, ujizoeze kuliinua tu. Lipandishe mara kumi bila kuvuta kamba za mbele kwa nguvu. Likija juu ya kichwa bila kusita, ni dalili nzuri, lakini bado lipeleke kupimwa. Likining'inia nyuma kama langu, likunje, usilisogeze karibu na mteremko wowote. Ukipata karatasi ya vipimo iweke hapa, safu kwa safu, pamoja na uzito wako ukiwa na vifaa vyote, tuisome pamoja.