Kipengele kimeondolewa, nifanyeje? Nilivyokirudisha changu (nusu yake)

Mkuu, umeuliza kama inafaa kuwaandikia watengenezaji wa programu huria wakirudishe kipengele walichokiondoa, au ni kupoteza muda tu. Inafaa. Ila usianze kama nilivyoanza mimi.

Kazi yangu ni kugeuza rekodi za sauti kuwa maandishi. Siku nzima nina folda mbili, ya rekodi na ya maandishi. Kidhibiti faili (programu ya kufungua na kupanga faili) nilichokizoea kilikuwa na F3: unabonyeza, dirisha linagawanyika, rekodi kushoto, maandishi kulia, na kwa kutupa jicho tu naona rekodi ipi bado haina mwenzake. Asubuhi moja nikasasisha, nikabonyeza F3, kimya. Nikabonyeza tena, nikidhani kibodi imekufa.

Nikafungua tiketi (ujumbe wa tatizo au ombi kwenye ukurasa wa mradi) na kumwaga hasira zote: mmeharibu programu nzuri, hamsikilizi watu, nahama. Ikafungwa siku hiyohiyo kwa sentensi moja, kwamba kipengele kimeondolewa kwa makusudi. Leo nikiisoma tiketi ile naona haya. Aya nne nzima, na hakuna hata mstari mmoja unaosema F3 nilikuwa naifanyia nini!

Mambo yalibadilika nilipokwenda kusoma historia ya msimbo, yaani kumbukumbu ya kila badiliko lililofanywa kwenye programu. Mimi si mwanaprogramu, lakini hili halihitaji uanaprogramu. Ukishapakua msimbo pamoja na historia yake, amri ya git log -S (git ndiyo programu inayotunza historia hiyo) ikifuatwa na neno lililokuwa kwenye kipengele (mimi niliweka maandishi ya kwenye menyu) inakuletea mabadiliko yaliyoliongeza na yaliyoliondoa, pamoja na maelezo ya aliyeyafanya. Nikakuta sababu mbili. Ya kwanza, ukiburuta faili kwenda upande wa pili huku upande huo unafungwa, programu nzima inaanguka. Ya pili, aliyeandika sehemu ile aliondoka zamani na hakuna aliyetaka kuigusa. Hakukuwa na dharau yoyote kwa watumiaji. Walikuwa wamechoka.

Basi tiketi ya pili niliiandika hivi: kazi yangu ni hii, nilikuwa naifanya kwa hatua hizi tatu, sasa nafungua madirisha mawili na kuyapanga kwa mkono kila ninapobadilisha mteja. Nikataja lile tatizo la kuburuta na kueleza namna ya kulisababisha makusudi. Mwisho nikasema siwezi kuandika msimbo, ila nitajaribu kila kiraka (marekebisho ya msimbo) mtakachonipa, siku hiyohiyo.

Ilikaa kimya muda mrefu. Kisha mtu mmoja, mgeni kabisa kwenye mradi, akaleta kiraka. Nilikijaribu, kikaanguka, nikamtumia ripoti. Akarekebisha, kikaanguka kwingine. Tulikwenda hivyo mara saba. Mwisho kikakubaliwa, lakini kimezimwa kwa chaguo-msingi, inabidi ukiwashe kwenye mipangilio. Na kule kugawanya juu na chini hakukurudi. Nilikubali bila ubishi, maana juu na chini sikuwahi kukutumia.

Utaambiwa pia kwamba "takwimu zinaonyesha hakuna anayekitumia". Hapo uliza kwa upole takwimu zimetoka wapi. Programu nyingi huria hazikusanyi chochote, na zinazokusanya zinakuruhusu kuzima, na wanaozima mara nyingi ni haohao wanaotumia vipengele vya ndani. Kelele za watumiaji nazo zina uzito wake, nisidanganye. Mwaka 2021, wakati toleo la 89 la kivinjari cha Firefox likiandaliwa, palikuwa na mpango wa kuondoa mwonekano wa kubana, ule unaofanya upau wa juu uchukue nafasi ndogo. Watu wakalalamika sana, na matokeo yakawa nusu kwa nusu: aliyekuwa akiutumia akabaki nao, mgeni akafichiwa kwenye about:config (ukurasa wa mipangilio ya ndani) chini ya jina browser.compactmode.show. Lakini huo ni mradi mkubwa. Mradi wa watu watatu wanaojitolea usiku ukiupigia kelele, wataacha tu kusoma tiketi.

Wakikataa kabisa, leseni inakupa njia nyingine, maana msimbo wa zamani bado upo na una haki ya kuuendeleza. Kidhibiti faili cha Nautilus 3.6 kilipotoka mwaka 2012 bila dirisha la pande mbili, watengenezaji wa mfumo wa Linux Mint walichukua msimbo wa kabla yake wakatengeneza kidhibiti chao, Nemo, na F3 bado inafanya kazi humo. Ila wale ni timu. Peke yako utajikuta unarekebisha tundu za usalama za programu nzima kwa ajili ya kitufe kimoja, kwa hiyo kabla ya kufika huko angalia kama wanakubali programu-jalizi, yaani nyongeza unayoipachika bila kugusa msimbo wao.

Jambo dogo: kwenye tiketi ya mwenzako usiandike "na mimi pia". Kila aliyejiunga nayo anapata barua pepe. Bonyeza dole gumba, inatosha.

Hukutaja kipengele chako ni kipi. Kitaje, na toleo kilipopotea, nikusaidie kutafuta kiliondolewa na mabadiliko gani.