Maswali ya Maabara: Bendi Ikitoweka, Imethibitisha Nini?

Natafuta eIF2-alfa, mojawapo ya protini zinazoanzisha utengenezaji wa protini, katika seli za binadamu. Kingamwili ya sungura ninayotumia inanipa bendi (mistari ya protini) tatu kwenye bloti, yaani utando wenye protini zilizotenganishwa kwa ukubwa: karibu kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 36, 50 na 75. Nilipoichanganya na peptidi ya kuzuia, ya 36 na ya 50 zilitoweka, ya 75 ikabaki. Niamini ipi? — Mwanafunzi wa uzamili, Maseno

Ya 75 iache, hiyo imenata tu. Ya 36 inalingana na ukubwa wa eIF2-alfa. Ya 50 ndiyo mtego. Peptidi ya kuzuia ni kipande kilekile, kwa kawaida cha asidi amino 10 hadi 20, alichochanjwa sungura ili atoe kingamwili. Ikishajaza vishikio vya kingamwili (sehemu zake zinazokamata protini), hutoweka kila kitu ambacho vishikio hivyo vingekamata, ikiwemo protini nyingine yenye kipande kinachofanana. Jaribio linakuambia kishikio kilihusika. Jina la protini halikuambii. Vipeperushi vya wauzaji hupita haraka sana hapo.

Nyamazisha jeni ya eIF2-alfa kwa RNA fupi, usubiri saa 48 hadi 72, kisha rudia bloti. Ikififia ya 36 peke yake, ya 50 ni mgeni.

Kabla ya hapo, hakikisha jaribio lenyewe lilifanywa sawasawa. Chukua tyubu mbili, kila moja mikrolita 500 za bafa (kimiminika cha kutunza asidi) na mikrogramu 5 za kingamwili. Ya kwanza itie mikrogramu 25 za peptidi. Ya pili itie ujazo uleule wa kiyeyushi kitupu. Wengi huruka hatua hii, halafu hawajui kama bendi imezuiwa au kingamwili imepungua nguvu. Tikisa polepole dakika 30 kwenye joto la chumba, au usiku kucha kwa nyuzi 4. Ongeza bafa hadi mililita 5, umwagie vipande viwili vya utando mmoja, kila tyubu kipande chake, uvipige picha kwa muda uleule. Mara 5 kwa uzito inaonekana ndogo, lakini peptidi ya asidi amino 15 ina takriban kilodaltoni 1.7 na kingamwili 150, kwa hiyo kila kishikio kinapata peptidi zaidi ya 200.

Kingamwili yangu hutambua eIF2-alfa yenye fosfati kwenye Serini 51, yaani asidi amino ya nafasi ya 51. Peptidi isiyo na fosfati haikuzuia chochote. Nimeuziwa mbovu? — Mtafiti wa malaria, Kisumu

La, hayo ndiyo majibu mazuri. Peptidi yenye fosfati ifute bendi, isiyo nayo iiache. Isiyo na fosfati nayo ikiifuta, kingamwili yako haitofautishi. Fanya zote mbili siku moja. Kufunika utando kabla ya kingamwili, tumia albumini ya ng'ombe asilimia 5 badala ya maziwa ya unga, kwa sababu kaseini ya maziwa ina fosfati zake na huchafua mandhari ya bloti. Unapopasua seli, weka sodiamu floraidi na beta-gliserofosfati mapema, la sivyo vimeng'enya vitaiondoa fosfati hata kabla ya kutenganisha protini kwenye jeli.

Na kama sampuli ni vimelea vya Plasmodium falciparum, serini husika huko ni ya 59. Linganisha mfuatano wa asidi amino kwanza. Huenda peptidi ya binadamu isifanane vya kutosha.

Peptidi ya unga niihifadhi vipi, na stima hupotea mara kwa mara? — Fundi wa maabara, Nakuru

Ibaki kavu kwenye friza ya nyuzi −20. Chupa ikitoka humo, iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua. Ukiharakisha, unyevu wa hewa huganda ndani. Izungushe kidogo kwenye sentrifuji, maana unga hushika kifuniko. Iyeyushe iwe miligramu 1 kwa mililita na uigawe mikrolita 20 kila tyubu, ili stima ikikatika usiyeyushe na kugandisha akiba yote. Cheti kikisema peptidi halisi ni asilimia 70, hesabu kwa hiyo. Kilichobaki ni chumvi na maji. Peptidi ikiwa na sisteini, usitumie kiyeyushi cha DMSO, huioksidisha. Sodiamu azaidi, kihifadhi cha kawaida, isikaribie kingamwili iliyofungwa peroksidezi, maana huua kimeng'enya hicho kinachoonyesha bendi na bloti itatoka tupu.