Kwa wanaoanza kufuatilia ndege za viongozi: ijue kwanza anga ya kila siku

Wanagenzi wengi huvutiwa na shughuli hii wiki ileile viongozi wanapokutana. Ndivyo ilivyokuwa kwenye Mkutano wa Tabianchi wa Afrika, KICC Nairobi, tarehe 4 hadi 6 Septemba 2023: watu walipiga picha za skrini za ramani za ndege mtandaoni na kutangaza rais fulani keshaingia, fulani yuko njiani. Nawaandikia hao, hasa walio hapa Mombasa, na neno langu kubwa ni hili: kama huijui anga ya pwani ilivyo siku isiyo na mkutano, siku ya mkutano hutajua unachokitazama.

Chukua C-17, lile dege kubwa la mizigo la jeshi la Marekani. Ni kweli kwamba rais wa Marekani akisafiri, C-17 hutangulia kupeleka magari na vifaa vya walinzi wake, na kwa kawaida jina la mwito (jina ambalo ndege hujitambulisha nalo kwenye redio) la safari hizo huanza na RCH. Mgeni akiiona RCH imepita juu ya Kilifi, mbio anaandika kwamba Wamarekani wanaleta ujumbe mzito. Lakini Wamarekani wako Manda Bay, Lamu, na wana kambi kubwa Djibouti. Ndege zao za kijeshi hukatiza pwani hii pasipo na mkutano wala ziara. RCH peke yake haikwambii lolote kuhusu mkutano. Itakwambia kitu pale tu utakapokuwa na daftari la wiki nyingi zilizotangulia: aina ya ndege, saa, kimo, ilikotoka, ilikoelekea. Ukishajua zipi ni wapitaji wa kila mara, ile iliyo ngeni itajitokeza yenyewe.

Katika daftari hilo, safu ya kwanza iwe namba ya transponda, yaani kile kifaa cha ndege kinachoitambulisha kwa mawimbi ya redio. Kila ndege ina namba yake yenye herufi na tarakimu, jumla sita, inayotolewa na nchi iliyoisajili. Za Kenya huanza na 04C, Ethiopia 040, Tanzania 080. Jeshi la Marekani hutumia zinazoanza na AE, la Uingereza 43C. Jina la mwito hubadilika safari hadi safari, ilhali namba hii kwa kawaida hukaa na ndege mpaka isajiliwe kwingine. Anayeandika jina la mwito tu atapotezana na ndege yake kesho yake.

Ndege si mtu. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalozaa uvumi. Air Force One ni jina la mwito la ndege yoyote ya jeshi la anga la Marekani wakati rais yumo ndani. Zile Boeing mbili zenye 28000 na 29000 mkiani, rais asipokuwamo huruka kwa majina mengine, mara nyingi SAM na namba. Fokker 70 yetu, KAF 308, ndege ya rais wa Kenya, nayo ikipaa haimaanishi rais amepanda. Tena kuna viongozi wanaokuja kwa ndege za kukodi zilizosajiliwa San Marino au Malta, na hapo namba ya transponda haitakutajia nchi ya mgeni hata kidogo. Andika ulichokiona, kisha mstari wa chini yake andika unachokidhani, na usiviache vichanganyike.

Vifaa vya risiva, yaani vya kunasa mawimbi hayo nyumbani, si ghali sana: kidude cha redio cha kuchomeka kwenye USB, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na antena ya masafa ya 1090 MHz. Waya wa antena wa robo ya wimbi ni milimita 69 tu, mfupi kuliko kidole cha shahada cha mtu mzima. Hapa kwetu adui ni chumvi. Viungio vya antena vilivyo wazi juu ya paa huota kutu ya kijani, na usikivu hushuka polepole bila wewe kujua. Vizungushie utepe wa mpira usiopitisha maji tangu siku ya kwanza.

Sasa jambo ambalo wengi hawalitazami. Ndege nyingi za kijeshi hazitangazi mahali zilipo. Transponda ya ndege kama hiyo itajibu rada kwa namba na kimo, lakini haitatoa latitudo wala longitudo. Kwenye ramani hutaiona. Fungua orodha iliyo kando ya ramani kwenye programu ya risiva yako: utaona mstari una namba inayoanza na AE, futi 31,000, na nafasi za mahali ni tupu. Huyo ndiye uliyekuwa ukimtafuta. Ili apatikane kwenye ramani, zinahitajika walau risiva nne zinazomsikia kwa pamoja, zipime tofauti ya muda wa mawimbi kuzifikia. Ndiyo maana risiva moja zaidi Malindi, Diani au Lamu ina thamani kuliko ya kumi hapa kisiwani. Ndege iliyo futi 35,000 husikika hadi karibu kilomita 400, na upande wetu wa mashariki ni bahari tupu isiyo na wa kusikiliza ila sisi.

Kati ya tovuti za kufuatilia ndege, Flightradar24 huficha baadhi ya ndege kwa ombi la wenyewe. ADS-B Exchange haifichi. Tazama zote mbili. Na ndege zinazotoka Mashariki ya Kati zikionekana ghafla zimesimama uwanja wa Beirut, usiandike kwamba zilifika hapo, maana kule GPS huhadaiwa ikaonyesha mahali pa uongo.

Saa zote za data ni za UTC, saa ya pamoja ya dunia. Kwa sisi tunaohesabu saa za Kiswahili, toa tatu: 12:00 ya UTC ni saa tisa alasiri, 06:00 ni saa tatu asubuhi.

Kuhusu kwenda Uwanja wa Ndege wa Moi na kamera: jeshi la anga nalo lina makao hapo. Omba ruhusa kwanza, na askari akikwambia ondoka, ondoka. Kiongozi akiwa bado angani au njiani kutoka uwanjani, mimi sichapishi chochote hadi afike. Data ni ya wazi, ila kuitangaza dakika ileile hakumfai msomaji yeyote.

Mkutano ukiisha, viongozi huondoka kwa kufuatana ndani ya saa chache, nao wafuatiliaji huchoka wakalala. Usilale kabla ya kuhifadhi rekodi zako: historia ya bure ya Flightradar24 hurudi nyuma siku 7 tu.