Uliza Fundi: Ulezi umeota kwenye meza ya ndege

SWALI: Habari za kazi kaka Fundi. Mi niko Moshi, Pasua. Mwanangu wa darasa la tatu anapenda ndege kupita kiasi, basi mwezi wa pili nikampigia kimeza cha kuwalishia kwa mbao za paleti, nikakipaka rangi ya mafuta kikapendeza, nikakisimamisha nyuma ya nyumba karibu na banda la kuku. Mwanzoni walikuja hadi raha, shomoro, chiriku, tetere, mtoto anakunywa chai dirishani anawahesabu. Masika yalivyoanza kimeza kikawa beseni, ulezi ukalowa ukaota majani kabisa na harufu juu, sasa hivi ndege hawaji ila panya ndo wanapita usiku. Jirani anasema nitoboe matundu tu inatosha. Kweli? Na nikianza upya nifanyeje, hela ya kumlipa fundi sina.
Mama wa Pasua

JIBU: Salama dada yangu, pole sana, na hongera kwa kumtengenezea mtoto kitu kama hicho. Jirani kasema nusu tu, matundu yatatoa maji lakini chakula kitaendelea kulowa kwa juu, na nafaka iliyolowa inaota ukungu, ule ule unaoleta sumukuvu kwenye mahindi yetu, na ndege wanadhurika nayo kama sisi. Kwa hiyo huo ulezi mwaga wote, usiwape kuku.

Kabla hujabomoa angalia mhuri kwenye hizo mbao za paleti. Ukikuta HT, zilipitishwa kwenye joto, hazina neno. Ukikuta MB, zilifukizwa na gesi ya kuulia wadudu, achana nazo. Na kama hakuna mhuri kabisa, usizitumie. Zile za kupaulia zilizochovywa dawa zikawa kama kijani nazo usiweke mahali pa chakula. Pita kwa mafundi seremala uombe vipande vya gravilea au saiprasi, wengi wanakupa bure au kwa hela ya soda, maana mwisho wake ni kuni.

Sasa kazi yenyewe. Kata vipande viwili vya mbao ya inchi moja kwa nane, kila kimoja sentimita 40, vilaze sambamba uache kauwazi kadogo katikati maji yapite, halafu upigilie vijiti viwili kwa chini vivishike. Pembeni zungushia fito za sentimita 4 kwenda juu ili punje zisipeperuke, ila kwenye kona usizikutanishe, acha upana wa kidole, hapo ndo maji yanapotokea na hapo ndo utasukumia uchafu na brashi. Simamisha miguu minne ya paa, ya mbele sentimita 28, ya nyuma 22, juu weka kipande cha bati kinachozidi meza kama kiganja kila upande. Makali ya bati yakunje kwa nyundo, yasije yakamkata mtoto. Ndani usipake rangi wala oili chafu, acha mbao ilivyo.

Kitu kimoja kwenye misumari maana hapa ndo wengi mnaharibu: kabla ya kuupiga karibu na ncha ya mbao, ugeuze msumari, weka kichwa chake juu ya jiwe, igonge ile ncha kidogo kwa nyundo iwe butu. Msumari mkali unapenya kama kabari unapasua mbao, ule butu unaponda nyuzi unajitengenezea njia. Mwoneshe mwanao na yeye agonge miwili mitatu, atafurahi.

Nguzo iwe mita moja na nusu, bomba la chuma likipatikana ni zuri zaidi, mchwa hali na paka anateleza. Isimamishe mita mbili tatu kutoka kwenye kichaka, ndege akiona mwewe apate pa kukimbilia, lakini paka asiweze kuruka kutokea humo. Na tafadhali ihamishe mbali na banda la kuku! Ndege wa porini wanaweza kuleta magonjwa kwenye kuku, kideri kikiwemo, na kinyesi kinachodondoka chini kuku wanakidonoa.

Chakula weka asubuhi, konzi moja tu, kiwe kimeisha jioni, ukifanya hivyo panya watahama wenyewe. Ulezi, mtama, uwele, vyote soko la Mbuyuni vipo. Siku moja moja chomeka kipande cha ndizi mbivu au papai kwenye msumari, utaona shore wanakuja na wale wenye kishungi na mkia mrefu mwembamba. Makombo ya ugali na nyama hapana, utaita kunguru na hao wadogo watakimbia. Kila wiki sugua meza kwa maji ya moto na sabuni, ianike juani ikauke kabisa ndo urudishe chakula. Ndege wanaweza kuchukua hata wiki mbili kuiamini tena, msikate tamaa.

SWALI: Fundi mimi nakaa Mabogini, tunalima mpunga na kwelea kwelea wanatutesa. Watoto wanataka hiyo meza, nikiweka si nitawaita shambani?
Baba wa Mabogini

JIBU: Kaka, mpunga ukishaanza kutoa punje usiweke nafaka hata kidogo, majirani zako wanashinda shambani wanawinga ndege, wewe huwezi kuwamwagia mtama uani. Wawekee watoto maji. Chukua sahani pana ya udongo, maji yasizidi sentimita 4, katikati weka jiwe la kutua, na yabadilishwe kila asubuhi mbu wasizaliane. Watakaa kivulini waone chiriku wanavyooga, wanajitikisa mpaka maji yanaruka nje ya sahani.